Mkono wa Baba Mdogo

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Pale kaburini mtu mmoja mwenye karatasi akatusomea kwamba marehemu aliwalea yatima wa kaka yake, tena akalipaka gari lao rangi kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilitazama viatu vyangu, nisije nikacheka mbele ya mchungaji. Chakula kilipokwisha niliteremka peke yangu mpaka kwenye boma letu la zamani, nikaenda moja kwa moja kwenye banda la kuku. Nilichokifuata huko nitakuambia, ila keti kwanza, maana lazima tuanze na gari lenyewe.

Lilikuwa pikapu la baba. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mwaka mmoja baada ya mama, na shule yangu ikaishia hapo. Hakuna aliyeniambia niache. Ng'ombe walitaka kukamwa, chai ilitaka kuchumwa, na wadogo zangu watatu walitaka kula. Nyanya, mama yake baba, alikuwa na nguvu bado, lakini macho yalikuwa yameanza kumtupa.

Watu wa ukoo walikuwa wameshaketi wakatugawa kama vyombo vya marehemu. Mmoja aende Longisa kwa shangazi. Mmoja aende Litein akamlee mtoto wa mwenye duka. Mdogo kabisa achukuliwe na baba mdogo "akasome", yaani akachunge mbuzi. Mimi niolewe, mambo yaishe. Walipanga hayo wakinywa chai yetu na kuisifu.

Nyanya aliomba mwezi mmoja, wakampa kwa sababu hawakuamini mwezi ungeleta chochote. Kumbe yeye alikuwa amesikia kwamba kamati ya maziwa ya kwetu inatafuta gari la kupeleka mitungi Litein kila asubuhi. Injini ya pikapu ilikuwa nzima, na jirani aliyekuwa akimwendeshea baba alikubali kuendesha. Bodi ndiyo iliyokuwa imeoza. Tangu baba augue, gari lilikaa nyuma ya ghala la mahindi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, kutu ikila milango. Mwenyekiti wa kamati alilizunguka mara moja tu akasema, "Gari ya kutu haiwezi kubeba maziwa ya watu. Tutakuja kuangalia Jumanne ya mwisho. Ikiwa hivi, tunachukua ya mtu mwingine."

Basi ndivyo nilivyojifunza msasa. Mwalimu wangu alikuwa fundi kutoka upande wa Kisii, aliyekuwa akipaka matrekta rangi kwenye gereji ya shamba kubwa la chai. Baba aliwahi kumkimbiza mkewe hospitali kwa pikapu hilohilo, kwa hiyo alikuja kila Jumamosi, akatuonyesha, akaenda zake. Kukwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kujaza mashimo kwa puti, si kwa kumwaga kama uji, bali kidogo kidogo. Kisha msasa mkavu, kisha msasa wa maji, mkono ukizunguka taratibu. Vijana ninaowaona leo wakibandika puti juu ya kutu na kupuliza rangi jioni hiyohiyo, fundi yule angewafukuza hata wasishike ndoo.

Tulichuma chai kulipokucha, tukarudi kusugua mpaka mvua ya mchana ilipotufukuza. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya chai yakikaushwa kiwandani, meno yangu husikia ile brashi ya waya. Vumbi la kutu lilitukaa mikononi kama unga wa wimbi. Nyanya alituletea ugali na maziwa ya kibuyu palepale, tukala tumesimama. Wapita njia, vikapu vya chai mgongoni, hawakukosa la kusema.

"We msichana, unasugua gari kama sufuria! Nani ataoa hiyo mikono?"

"Mwenye gari," niliwajibu. "Wewe una nini?"

Jumamosi ya mwisho fundi alipitisha kiganja karibu na boneti bila kuligusa, akaridhika. "Jumatatu asubuhi napaka rangi ya chini, mchana ya juu. Mpaka hapo, mtu asiiguse. Mkono wa mtu ni mafuta."

Jumapili baada ya kanisa akafika baba mdogo. Koti, tai, viatu vinavyong'aa kuliko kichwa chake, na wazee wawili nyuma. Kwa wiki tatu hakuwa ameleta hata kipande cha sabuni. Sasa alikuwa amesikia kwamba gari linapendeza, na jambo linalopendeza lilihitaji msemaji. Nyanya alikuwa hajarudi. Baba mdogo akaingia jikoni kwake bila hodi, akatoka na kibuyu cha siagi.

Kwetu siagi hupakwa kwa baraka, nawe unajua. Anapakwa bibi harusi, anapakwa anayesafiri. Lakini hupakwa na mwenye haki ya kupaka, tena kwa ncha ya kidole. Yeye alichota kama anayepaka mkate.

"Baba mdogo, fundi amesema isiguswe."

"Nyamaza. Darasa la sita litanifundisha nini?"

Akapaka boneti, akapaka paa, akapaka milango, huku akihutubia. Alipochoka akaegemea kwa kiganja mlango wa nyuma, ule wa kupakilia mizigo, uliokuwa umeshushwa, akamalizia hotuba hapo. Kisha akafuta gari kwa nje kwa kitambaa chake, liking'aa kama mandazi, wazee wakasema limebarikiwa. Wakanywa chai, wakaenda.

Jumatatu fundi alifika, akapitisha kidole kimoja kwenye boneti, akakinusa.

"Nani amekaanga hii gari?"

Nilimweleza. Akaketi juu ya jiwe. Akasema rangi haitashika. Itameguka kama gamba la yai, na kamati inakuja kesho. Mdogo wangu wa mwisho akaanza kulia, maana alikuwa ameshaonyeshwa mbuzi atakaowachunga.

Nyanya ndiye aliyecheka. "Siagi? Hiyo si mnaitoa kwa vyungu kila siku?" Akaingia jikoni, akatoka na karai la jivu. Tukachemsha maji yote tuliyokuwa nayo. Tukasugua gari kwa jivu na maji ya moto kama tulivyosugua vyungu vya maziwa tangu tukiwa wadogo, tukasuuza, tukasugua tena. Fundi hakuamini. Akamwaga maji juu ya boneti kwa kikombe. Maji yakajikusanya matone matone. "Bado kuna mafuta," akasema. Tukarudia. Mara ya tatu maji yakatambaa kama shuka, bila tone. Fundi alimtazama nyanya, akavua kofia.

Lakini chuma kilicholowa, kwa baridi ya kwetu, huanza kushika kutu kabla hujameza mate. Tulikikausha kwa kila kitambaa cha nyumba ile, mpaka shuka la nyanya la kanisani. Tukapitisha msasa mwepesi na petroli, na saa sita rangi ya chini ikaingia. Mvua ilipokuja, tulisimama wanne kwenye pembe nne, tumeshikilia turubai la kufunikia mahindi juu ya gari, tukalowa sisi. Rangi ya juu iliingia jioni, mvua ilipokatika. Jumanne mwenyekiti wa kamati alilizunguka mara tatu, akasema mitungi ianze kupakiwa kesho yake. Baba mdogo alikuwepo. Alimwambia, "Ni baraka."

Pikapu lilibeba maziwa miaka tisa. Wadogo zangu walikula na kusoma kwa mitungi ile, chini ya paa moja, na aliyesubiriwa Longisa hakufika Longisa. Kazi na ndoa ndizo zilizotutawanya baadaye, kila mtu kwa miguu yake. Fundi hayupo, nyanya hayupo, kamati yenyewe ilikufa. Vikapu vya wachumaji vimeanza kupisha mashine, na ghala la mahindi limekuwa nguzo mbili.

Umebaki ule mlango wa nyuma. Ndio mlango wa banda la kuku. Siku ya jivu tulikuwa tumeupandisha, kwa hiyo upande wake wa ndani hatukuusugua, tuliusahau. Baada ya misimu miwili ya mvua rangi ikameguka pale, na kutu ikatokea kwa umbo kamili: kiganja na vidole vitano. Kwingine rangi imeshika mpaka leo.

Mjukuu wangu alinikuta nimesimama hapo na nguo za mazishi. Akauliza kama anaweza kupiga msasa ile alama na kuupaka mlango rangi mpya.

Nikamwambia auache. Hiyo ndiyo kazi pekee marehemu aliyoifanya kwenye gari lile, na kaburini wamemsifu kwayo. Ionekane.