Namba Tatu za Nyuma ya Kadi

Mama yangu anakaanga samaki mtaani Namuwongo, karibu na reli, na samaki wenyewe huwanunua Ggaba, kwenye mwalo, mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Kila akienda huko alfajiri huchuchumaa mbele ya beseni akibishania bei, na kila akiinua kichwa kupumzisha shingo huiona nyumba moja nyeupe juu ya mlima, yenye roshani inayotazama ziwa. Ni nyumba ya kukodiwa na watu walio likizoni. Kwa muda mrefu tulidhani mama hana tamaa ya kitu chochote duniani, jambo lililotufaa sana sisi watoto wake. Kisha jioni moja, huku anapara samaki, akasema anataka kulala katika ile nyumba usiku mmoja, na asubuhi akae kwenye roshani autazame mwalo.

"Nataka niuone nikiwa nimekaa kwenye kiti," alisema. "Basi."

Baba aliliona ombi hilo kuwa dogo. Baba ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini. Siku hizi analinda ofisi za watu Nakawa, na anaamini hakuna jengo lisiloingilika ukizungumza vizuri na aliye langoni. Alitia pesa mfukoni, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda. Mlinzi wa ile nyumba alikuwa mwanajeshi wa zamani kama yeye. Walisalimiana kwa heshima, wakaulizana kambi walizopitia, wakagundua mtu wanayemfahamu wote wawili, naye ni marehemu. Baada ya undugu wote huo, mlinzi akamweleza kwamba nyumba haipokei pesa. Mwenye nyumba anaishi ng'ambo. Anayetaka kulala pale anaomba kwenye intaneti na kutoa namba za kadi.

Baba alirudi nyumbani na noti zake zilezile, isipokuwa sasa hazikuwa tena pesa.

Katika familia yetu mwenye kadi ni mimi. Si kwa sababu ya cheo. Ninapanga maboksi kwenye bohari moja Nakawa, na tajiri wetu alipochoka kugawa noti alitufungulia akaunti wote, tukapewa kadi na kalenda. Tovuti ilitaka kadi ya mkopo. Yangu ni ya mshahara tu, lakini tovuti haikuona tofauti, na mimi sikuona sababu ya kuisumbua. Niliishia darasa la saba. Nasoma vizuri, ila naandika polepole, na mbele ya watu sauti yangu hunikimbia. Kwa maoni ya baba, hizo ndizo sifa hasa za mtu wa kutumwa kuzungumza na ng'ambo.

Tovuti ilinipokea kama ndugu aliyepotea. Ilinionyesha ile roshani ikiwa na maua ambayo hakuna mtu wa Ggaba aliyewahi kuyaona, kisha ikaanza kunihoji. Ilitaka jina la ukoo la wageni. Baba ni Mwislamu, mama ni Mkristo, na kama kawaida ya huku kila mmoja nyumbani kwetu ana jina lake la mwisho. Niliandika la kwangu, kwa kuwa kadi ni yangu. Kisha ikataka ile namba ndefu ya mbele ya kadi. Niliiandika kama ninavyoandika kila kitu, nikibonyeza na kurudi kuhakikisha. Nilipomaliza, ikanijulisha kwamba muda wangu umekwisha, na kwamba kwa usalama wangu imefuta yote. Nilishukuru kwa kujaliwa namna hiyo. Nikaanza upya.

Safari ya pili nilifika hadi kwenye zile namba tatu za nyuma ya kadi. Baba, aliyekuwa akinywa chai pembeni, aliuliza hizo ni za nini. Nikarudia maneno ya dada wa benki, kwamba mtu akizijua hizo pamoja na za mbele, anaweza kuitumia kadi bila hata kuigusa.

Baba aliweka kikombe chini. Aliichukua kadi akaigeuza polepole, kama mtu aliyeokota risasi njiani. Kisha akachukua kisu cha mama cha samaki, akazikwangua zile namba tatu moja baada ya nyingine hadi pakawa peupe.

"Sasa ziko hapa," alisema, akigusa paji la uso.

Nilimwomba aniambie na mimi. Akasema siri ya watu wawili si siri tena. Kwa hiyo kadi ilikuwa yangu, mshahara ulikuwa wangu, na ufunguo ulikuwa kichwani mwa mwanajeshi mstaafu. Kila tovuti ilipofika pale, nilipaswa kumtafuta baba. Akiwa kazini nilimpigia, naye akakataa kuzitaja kwa simu kwa sababu simu husikilizwa. Nani asikilize simu za mlinzi wa Nakawa, hakusema. Mwishowe Jumapili moja alipokuwa mapumzikoni, alizibonyeza mwenyewe, amefunika simu yangu kwa kofia. Tovuti ikatupongeza kwa kuchagua utulivu.

Mama alifungasha kama anayevuka mpaka. Kwa wanawake wenzake sokoni alisema anasafiri, bila kutaja wapi. Mmoja akamwombea safari njema, mwingine akamwagiza kitenge.

Siku yenyewe niliwasindikiza ili nibebe mfuko tu. Langoni mlinzi alimpigia baba saluti. Pembeni yake alisimama msichana mtunza nyumba, mwenye adabu ile inayomfungia mtu njia. Alisema sheria ya nyumba ni kuiona kadi, na kumwona mwenye kadi. Nikampa. Akaitazama mbele, akaigeuza, akainua macho.

"Ssebo, hii imekwanguliwa," alimwambia baba kwa heshima. "Kadi za wizi huwa hivi."

Baba akamweleza kwamba haijaharibiwa, imelindwa. Msichana akasema anaelewa, kisha akaenda kando kumpigia mwenye nyumba, na lango likabaki limefungwa.

Tukangoja nje. Kelele za mwalo zilisikika kutoka chini. Wakati huo akapita mwanamke mwenye beseni kichwani, mmoja wa wale wanaonunua pamoja na mama. Akamsalimu, akautazama mfuko, akalitazama lango, akauliza kama watu wa nyumba hii ndio walioagiza samaki.

Mama akasema hapana. Yule mwanamke alipokwisha kupita, mama aliutoa mfuko mkononi mwangu.

"Mzee, kama haiwezekani tuondoke," alimwambia baba kwa sauti ya chini. "Kabla hawajaniona wote."

Baba akaligusa paji la uso wake. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuhesabu gharama ya kile kisu.

Msichana akarudi, akanirejeshea kadi na kunikabidhi simu, akisema mwenye nyumba anataka kumsikia mwenye kadi. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, Mkenya. Alinisalimu vizuri, akaniomba nimsomee namba za kadi. Sauti yangu ikaondoka kama kawaida yake. Nilimtazama baba, nikamwonyesha nyuma ya kadi palipo peupe.

Baba akamtazama mama na mfuko wake. Kisha akasimama wima, visigino pamoja.

"Nyuma geuka!"

Mlinzi wa lango, mwenye mvi na goti bovu, aligeuka kwa kishindo kama aliyeingizwa jeshini jana. Msichana aliona anavyofanya mwenzake, naye akageuka, bila kujua kwa nini. Mama alikuwa ameshageuka kabla ya wote. Ameishi kambini miaka mingi. Baba akaniinamia sikioni, akaninong'oneza namba tatu za kadi yangu.

Nikaanza kuzisema kwenye simu. Sikumaliza hata ya kwanza.

"Ngoja, ngoja, mwanangu," mwenye nyumba alisema. "Za nyuma usimpe mtu yeyote, hata mimi. Nataka zile nne za mwisho za mbele."

Zile nne za mwisho za mbele zilikuwepo muda wote huo, zimechapwa kwa maandishi makubwa, na msichana alikuwa amezitazama kabla yetu sote. Nikazisoma. Akauliza ni nani aliyezikwangua za nyuma, nikamwambia ni baba. Akacheka sana, akasema nimwambie baba amefanya vizuri. Ujumbe huo niliufikisha, na hadi leo hatuli mlo bila baba kuyarudia maneno hayo.

Lango likafunguliwa. Ila sheria ya nyumba pia ilitaka mwenye kadi alale humo. Hivyo ndivyo nilivyoshiriki likizo ya pekee ambayo wazazi wangu wamewahi kupata, nikiwa kwenye kochi la sebuleni.

Asubuhi nilikuta kitanda chao kimetandikwa vizuri kuliko tulivyokikuta. Mama alikuwa kwenye roshani, amekaa kwenye kiti, chai mkononi, baba amesimama nyuma yake. Chini mitumbwi ilikuwa inaingia. Tulimwona yule mchuuzi anayemuuzia mama siku zote, ambaye huapa kila mara kwamba samaki wakubwa wa aina ya ngege hawakupatikana. Aliwatoa mtumbwini, wakubwa wanene, akawalaza chini ya gunia nyuma ya kibanda, kisha akatoka mbele kuwasubiri akina mama na sura ya huzuni.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniomba simu, akampigia, spika ikiwa wazi nasi tukisikia. Alimwomba amwekee ngege wakubwa.

"Mama, leo wakubwa hakuna," yule mchuuzi alisema. "Ziwa limekataa."

"Niwekee wale walio chini ya gunia."

Kule chini mchuuzi alitazama kulia na kushoto. Akatazama ndani ya mtumbwi. Akaenda nyuma ya kibanda, akainua gunia, akachungulia hata chini yake. Juu hakutazama.

Mama akaegemea kiti, akaendelea kunywa chai yake.