Rufaa ya Bibi Sekela

Usiku ule nililala na simu kifuani, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi yangu ya kusomea sheria. Chuo kikuu nilichokitamani tangu kidato cha pili kilikuwa kimeninyima. Kilichonipokea ni chuo kidogo cha pale Mbeya, ambacho mimi mwenyewe nilikijaza mwisho kabisa kwenye fomu, ili mradi nafasi isibaki wazi. Mjomba Gwakisa alitaka ningoje mwaka mmoja, niombe tena.

"Wakili huulizwa amesoma wapi," alisema tulipokuwa tunakula. "Ukianza huko umejifungia, Tumpe."

Nami nilijua kwamba nikingoja, mwakani ninaweza kukosa kote kuwili. Mama alisema tu, "Uamuzi ni wako, mwanangu," akaondoa sahani.

Mvua ya Tukuyu ikapiga bati, ikapiga, hadi usingizi ukanichukua.

Nikajiona jikoni kwa Bibi Sekela, mama yake Mama, ambaye tulimzika nikiwa darasa la saba. Ni mchana. Amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, na maganda yanadondoka miguuni pake bila sauti. Kile kikohozi cha siku zake za mwisho hakimo tena kifuani. Nikamwambia, "Shikamoo, Bibi." Hakuitikia. Alinitazama kwa furaha, taratibu, jinsi mtu anavyomtazama mtoto mchanga aliyeletwa kuonyeshwa. Nikapiga magoti, nikachukua kisu kingine, nikamsaidia. Nilijua kwamba amekufa, wala sikuogopa. Nilichoogopa ni ndizi kwisha, kwa kuwa zikiisha atainuka.

Zikaisha. Akainuka, nami nikamfuata nje, na nje hapakuwa uani. Palikuwa mahakama ya mwanzo, yenye mabenchi marefu na watu kimya.

Shauri lile nililijua. Babu alipofariki, ndugu zake walitwaa shamba lote la bondeni, lenye migomba na maji, na Bibi akaenda mwenyewe kushtaki. Hakimu alimpa kipande cha mlimani, mawe matupu. Kwetu husimuliwa kwamba Bibi alipokea akanyamaza, na sisi wajukuu tumelelewa kwa mfano wa ukimya huo. Sasa namwona amesimama mbele ya hakimu, kijana kuliko Mama alivyo leo, na Mama mwenyewe yumo mgongoni mwake, amelala. Midomo ya hakimu inacheza, sisikii neno. Mashemeji zake wanapeana mikono. Bibi anainamisha kichwa kidogo.

"Ndaga," anasema. Asante, kwa Kinyakyusa chetu.

Na hapo tuko mlimani. Jua linawaka, ukungu umeganda chini bondeni, na Bibi analima. Jembe likigonga jiwe analing'oa, analisogeza pembeni, analima tena. Mimi nimesimama na viatu vyangu vya shule, nalia kwa hasira, na machozi yananipa ujasiri ambao sikuwahi kuwa nao mbele yake alipokuwa hai.

"Bibi, mbona ulikubali? Walikupa mawe!"

Akaacha kulima.

"Nani kakwambia nilikubali?"

Nikafuta machozi.

"Nilikata rufaa, mjukuu wangu. Lakini rufaa hailimi. Niliikata huku nalima."

Akaweka kiganja chake utosini pangu. Kilikuwa na joto, na udongo. Nikataka kumshukuru kwa yote, kwa uji wa asubuhi, kwa kunibeba kwenda zahanati nilipougua surua, kwa jina alilonipa, lakini kinywa kilikuwa kizito na yeye alikuwa ameshaligeukia jiwe lingine.

Nikaamka nikiwa bado nafungua mdomo.

Kulikuwa kumepambazuka. Mama alikuwa jikoni anachemsha chai. Nikakaa karibu na moto nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye maneno ya Bibi, akaiweka chini sufuria.

"Nani amekwambia habari ya rufaa?"

"Yeye, Mama."

Mama akavuta kigoda, akakaa. "Hatukuwahi kuizungumza kwa sababu alishindwa. Huko wilayani walimwambia abaki na mlima wake." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na bado alikuwa anatabasamu. "Lakini jibu lilipotoka, alikuwa ameshavuna viazi hadi akakosa pa kuviweka. Viazi hivyo ndivyo vilivyonisomesha ualimu, Tumpe. Bondeni kwa baba zangu wadogo hakuna aliyemaliza hata darasa la saba."

Labda niliwahi kuisikia habari hiyo nikiwa mdogo, nikaisahau. Sijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile kile chuo kidogo, ambacho nilikuwa nimekionea aibu kwa majuma, nilikiona kuwa ni kitu nilichopewa. Watu wasionijua walisoma jina langu wakasema, huyu aje. Nikachukua simu, nikathibitisha.

Mama alikuwa anachungulia begani pangu. "Na kile kingine? Mjomba wako atauliza."

"Mwambie mwakani nitaomba tena, nikiwa tayari nasoma."

Akacheka, cheko ambalo nilikuwa sijalisikia tangu matokeo yatoke, akanimiminia chai.

"Kunywa basi, twende sokoni tukakutafutie blanketi. Mbeya kuna baridi, na mwanasheria hatetemeki mbele ya watu."