Tumba la Katikati

Ninayo siku moja, mwanangu, ambayo imekataa kuzeeka pamoja nami. Magoti yamechoka, mvi zimejaa, lakini asubuhi ile ya Gisenyi bado ni mbichi. Ukungu umelala juu ya ziwa Kivu, upepo unaleta harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia cha Rubona, na mimi, mke wa miezi michache tu, nimesimama bustanini nalia kwa sababu ya ua. Cheka tu, nakuona. Hata mimi sasa nacheka, ila siku ile ilibaki kidogo nivunje nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtoto wa Goma, Kongo, nikaolewa upande huu wa Rwanda, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa miguu tu kutoka kwa baba. Usidhani ukaribu ule ulinisaidia. Nilikulia katika Kiswahili na makelele ya wadogo zangu, halafu nikaingia nyumba ya watu wawili, mume wangu na mama yake, na mama mkwe alikuwa mtu wa Kinyarwanda na wa maneno machache. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kusalimia na kuombea chumvi. Mume wangu alikuwa karani, anatoka asubuhi, anarudi jioni. Basi kutwa nzima tuko wawili, yeye anasema neno moja, mimi najibu nusu, kisha kimya. Nami kimya kile nilikitafsiri nilivyotaka. Nilijiambia, huyu mama hanipendi.

Kilichonituliza kilikuwa waridi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, lakini ukimkuta nyuma ya nyumba yake ungeapa kwamba kazi yake ni maua. Siku ya arusi yangu, kati ya masufuria na mashuka niliyopewa, aliweka pia kopo la mafuta ya kupikia lenye mche wa waridi, kijiti chenye majani machache na miiba mingi. Alikuwa ameuotesha mwenyewe kutoka kwenye kichaka chake. Sijui kama umewahi kuona rangi ile. Ni ya pichi iliyoiva, lakini inaelekea waridi, kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa maji ya moto. Na si waridi la altareni, lenye ua moja juu ya bua moja refu. Hili ni kichaka kifupi, na maua yake hutoka kwa vishada, mengi pamoja kwenye tawi moja.

Mama mkwe ndiye aliyechagua mahali, mbele ya nyumba, jua la asubuhi linapopiga. Alichimba mwenyewe ule udongo wetu mweusi wa volkano, akachanganya samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza na kupoa, maana ile mbichi huunguza mizizi. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu. Nilimwaga maji asubuhi, chini kwenye shina, si juu ya majani, kwa sababu hewa ya ziwani ina unyevu na waridi likilala na majani yaliyolowa hupata unga mweupe. Hayo baba alikuwa amenifundisha. Kumbe hakunifundisha yote.

Miaka hiyo ya vita milima yetu haikuwa na utulivu. Jioni kila mtu alikuwa ndani kwake mapema, redio chini, mlango umefungwa. Ukiwa na kitu kidogo cha kungojea unakishika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na kichaka changu. Siku nilipoona kishada cha kwanza cha matumba, nilicheza peke yangu pale nje. Katikati lilisimama tumba moja nene, na kulizunguka kulikuwa na vidogo vya kijani, vimefumba kabisa. Lile kubwa likaanza kuonyesha rangi. Kila asubuhi nililisalimia. Wanawake wa kijiji cha Cyanzarwe wakipita na vikapu vya karoti kwenda Goma niliwaita, "Mumwambie baba, ua lake iko karibu kufunguka!" Wao wakacheka, wakasema mtoto wa fundi amepata mimba ya waridi.

Asubuhi moja natoka na kopo la maji, namkuta mama mkwe ameinama juu ya kichaka. Kabla sijafungua mdomo, amelishika lile tumba kubwa kwa kucha mbili na kulikonyoa. Yesu wangu! Nilipiga ukelele hadi majirani wakachungulia. Yeye hakukimbia wala hakukasirika. Alinionyesha vile vidogo kwa kidole, akasema jambo kwa Kinyarwanda, polepole, kama mtu anayetaka nielewe. Sikutaka kuelewa. Niliona kucha zake tu. Niliingia ndani, nikafunga nguo zangu kwenye kitenge, nikaondoka.

Labda wewe wa siku hizi hujui. Kwetu mke akikosewa huenda kwa wazazi wake, anakaa huko hadi upande wa mume uje na pombe, wazee waketi, waombe msamaha. Bila hivyo harudi. Basi njia nzima nilikuwa natembea kifua mbele, nikimwona mama mkwe katika akili yangu amepiga magoti sebuleni kwa baba. Niliionea raha sana picha ile, Mungu anisamehe.

Baba aliponiona na kitenge kichwani aliacha cherehani ikizunguka.

"We mutoto, iko nini? Nani amekufa?"

Nikamweleza kila kitu huku nalia. Alisikiliza. Nilipofika kwenye tumba akanikatiza.

"Alikata gani? Ile kubwa ya katikati?"

"Ndiyo, baba! Ile yenyewe!"

Akavua miwani, akaketi. Nilidhani hasira inampanda kwa ajili yangu. Ilikuwa inampanda kweli, ila juu yangu.

"Ni mimi njo nilimuomba," akasema. "Siku ya arusi, nilimwambia, mama, ile tumba ya katikati utatoa. Mutoto wangu hataweza, ye hakati kitu anapenda. Ukiiacha inafunguka peke yake, inaoza pale katikati, wenzake bado wamefunga. Ukiitoa, zote zinafunguka pamoja. Bon. Mama wa watu ametimiza neno langu, na wewe umemutukana mbele ya majirani?"

Nilikosa pa kuuweka uso. Unajua aibu ile inayoanzia masikioni? Nikasema kwa sauti ndogo kwamba basi nitakaa nao wiki hivi, hadi waje kunichukua, mambo yapoe.

"Waje kuomba nini?" Baba akasimama. "Nikikuweka hapa, yule mama itabidi aje kuniomba musamaha kwa kazi niliyomutuma mimi. Hapana. Leo mwenye kuomba ni mimi."

Mwanangu, elewa uzito wa jambo lile. Baba wa mke kubeba pombe kwenda kuomba kwa wakwe! Hakuna aliyewahi kuliona. Na tayari mtaani walikuwa wananong'ona kwamba bariyeri itafungwa, kwani siku hizo mpaka ulifungwa bila hodi. Baba alivaa koti lake la kanisani, akanunua dumu la kasikisi, ile pombe ya ndizi, akatangulia kwa mguu wake unaochechemea. Nilijaribu kumpokea dumu, akakataa. "Hii si yako kubeba." Alilibeba hadi mpakani, mbele ya askari, mbele ya wanawake wa karoti waliotujua, na hakuna aliyecheka. Mimi nilifuata nyuma nikitamani ardhi ipasuke.

Tulimkuta mama mkwe uani anachambua maharagwe. Mume wangu alikuwa ameshaitwa kutoka kazini, amesimama pale hajui mikono aiweke wapi. Baba akaweka dumu chini, akavua kofia, akaanza kwa Kinyarwanda maneno yale mazito ya kuomba. Mama mkwe hakumwacha amalize. Aliinuka, akamvalisha kofia yake tena kichwani, kisha akanigeukia mimi. Na huyo mama, ambaye sikuwahi kumsikia akitamka Kiswahili, akasema kwa shida, neno moja moja:

"Mutoto amerudi kwake. Nani anaomba nini?"

Akanivuta, akanikalisha kando yake, akaniwekea maharagwe mapajani nichambue. Nililia juu ya maharagwe yale, na yeye akalia pia. Baba alikunywa bilauri moja tu, akaharakisha kurudi. Kabla wiki haijaisha mpaka ukafungwa, ukakaa umefungwa muda mrefu. Kama ningekaa Goma nikingoja kubembelezwa, ningengoja upande ule peke yangu, na sijui ningekuta nini huku.

Kipindi kile cha mpaka kufungwa ndipo tulipojifunza kuongea. Alinifundisha Kinyarwanda kwa kunishika mkono na kunionyesha vitu, nami nikamfundisha Kiswahili cha Goma, akakivunja hadi mume wangu analia kwa kicheko. Tuliishi hivyo nyumba moja hadi uzee wake. Alipougua mara ya mwisho alikuwa na watoto wake wa kuzaa, lakini jina aliloita lilikuwa langu, na ni mkono huu uliomfumba macho.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mtu wa nyumbani mwako akifanya jambo likakuchoma, usifunge kitenge kwanza. Muulize. Asipojua lugha yako, ketini chini mpaka muelewane, hata kwa vidole. Mwache amalize sentensi yake. Na ukigundua kwamba kosa ni lako, usingoje kufuatwa kwa heshima, nyanyuka urudi ukiwa na aibu yako hivyo hivyo, kwa kuwa njia iliyo wazi leo inaweza kufungwa kesho. Mungu akupe nyumba yenye watu wa kukuvumilia wakati hujaelewa, na akupe masikio kabla hajakupa miguu. Akujalie pia mkwe wa kukuita kwa jina saa yake ya mwisho, na wewe uwe karibu, uitike.