Ndama aliyekufa bila ngozi: nilivyomuoa Nabintu zamani zile za Bukavu

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Mimi ni mzee, mjukuu ndiye anayechapa, ila maneno ni yangu na sitii chumvi.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaishia, Wabelgiji bado wapo. Nilikuwa na kazi mjini, naishi Kadutu na mama. Nilimpenda Nabintu, na baba yake alitaka ng'ombe, si maneno matamu.

Ng'ombe tulikuwa naye mmoja. Mjini angelala wapi? Alitunzwa kijijini, huko juu Walungu, kwa mzee mmoja, Papa Cirhuza. Desturi yetu Washi, mtunzaji anakunywa maziwa na samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mnyama akifa, unaletewa ngozi uione.

Basi Cirhuza akatuma habari: ng'ombe amezaa ndama jike, lakini huyo ndama amekufa.

Ngozi haikuja.

Nilichemka, wakuu. Mchumba mwingine alishaanza kupitapita kwa kina Nabintu. Nikataka twende kwa chifu.

Mama akakataa. Tukapanda Walungu sisi wawili. (Ile baridi ya asubuhi, moshi ukitoka migombani, naitamani hadi leo.)

Njiani nilimpangia mama maneno ya kumbana yule mzee. Hakutumia hata moja. Alipewa kiti, akasema polepole:

"Papa Cirhuza, nilikuficha. Huyu mutoto iko anataka kuoa, na ngombe itaenda. Niliogopa nikikuambia, utaificha."

Mzee akamwomba mkewe, aliyebeba mtoto mgongoni, alete ndama kutoka nyuma ya nyumba. Mzima kabisa!

"Maman, ile ndoa niliisikia ku soko. Nikasema, ukikamata ngombe na ndama, batoto yangu batakunywa nini? Njo maana nilisema ilikufa."

Nilikuja na hasira, nikaona aibu.

Wakakubaliana: ng'ombe aende ndama akiacha kunyonya, ndama abaki kwa Cirhuza. Baba mkwe akaja, akaonyeshwa ng'ombe na ndama wake, akaelezwa wazi kwamba itabidi asubiri. Akasubiri. Yule mchumba mwingine aliahidi ng'ombe wawili ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

Somo nililochukua: ukimficha mwenzio kwa kuogopa atakuficha, mtafichana wote. Mmoja aanze, hata kama anatetemeka.

Nani yamemkuta ya namna hii? Semeni, mjukuu atanisomea yote. Tangu nimzike Nabintu, jioni zangu zimekuwa ndefu.