Mji Uliojengwa Juu ya Kilima cha Mama Anjelani

Siku ya kwanza ya kazi sikujua kama nimeanza kazi. Nilikuwa nimeleta kidumu cha mafuta ya mawese katika chumba cha kusomea cha hapa Kasongo, nyuma ya soko, na nilipokuwa nangoja aliyeagiza nikafungua kitabu kilichokuwa karibu na mlango. Nilikisoma nimesimama, kwa vidole vyenye mafuta. Mkubwa wa chumba, ambaye wote tulimwita Bwana Direkteri, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanikuta hapo.

“Unasoma ao unatazama picha?”

“Nasoma, Bwana Direkteri.”

“Masomo uliachia wapi?”

“Mwaka wa tano.”

“Wa segondere?”

“Wa primeri.”

Alitazama alama za vidole vyangu kwenye karatasi, nami nikajiandaa kufukuzwa. Badala yake akaniuliza ninapita njia zipi na baisikeli yangu. Nikamtajia zote: Kabambare, Wamaza, vijiji vya katikati, na vile ambavyo ukiuliza njia watu wanakuonyesha kwa midomo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amenipa sanduku la bati lenye vitabu na kuniambia maneno ambayo nimeyabeba muda mrefu kuliko sanduku lenyewe.

“Sikiliza, ndugu. Kazi yako si kupeleka vitabu. Kitabu hata baisikeli itakibeba. Kazi yako ni kunirudishia maneno ya watu. Na usitie chumvi. Mutu akisifu, andika. Akitukana, andika. Hata akinitukana miye.”

Vijana wa leo huandika maoni yao kwenye simu na yanafika Kinshasa kabla chai haijapoa. Wakati wetu maoni yalikwenda kwa miguu na magurudumu, kwa hiyo nieleze. Nyuma ya kila kitabu tulishona daftari jembamba kwa sindano ya magunia. Tuliliita kaye ya maoni. Msomaji hakuruhusiwa kurudisha kitabu kabla hajaandika alichoona. Asiyejua kuandika alisema na mbebaji wa vitabu akaandika, na kazi hiyo tuliiita kuandika mdomo: unaandika neno kama lilivyotoka, halafu unamsomea mwenyewe, naye anaweka alama ya kidole. Kitabu kikirudi, Bwana Direkteri alisoma kaye kwanza, kitabu baadaye.

Mimi ni mtu wa kutotulia. Kabla ya hapo nilikuwa nimefyatua matofali, nimepiga kasia katika Lualaba, nimeuza chumvi, na hakuna kazi iliyonishika zaidi ya misimu miwili. Hii ilinishika kwa sababu ya kaye. Nilitaka kujua watu wanasema nini, na kila kijiji kilisema chake.

Nilianza na mitaa ya mji wa Kasongo. Wenye maduka walisoma kitabu kama wanavyokagua kitambaa, wanavuta hapa na pale kuona kama kitachanika. Baadaye nikapewa njia ya Kabambare, ambako wasomaji walikuwa walimu, wauguzi na makarani. Hao walisoma taratibu na kubishana kwa maandishi, mmoja akimjibu mwenzake ndani ya kaye ile ile mpaka ukurasa unajaa. Mwisho nikaongezewa Wamaza. Huko kitabu kimoja kilisomwa kwa sauti uani, mmoja akisoma na wengine wakimenya mihogo, na maoni yalikuwa ya watu kumi kwa mara moja.

Miaka ikapita. Baisikeli ikawa pikipiki. Bwana Direkteri alizeeka akaenda kukaa kwa binti yake, akaja Mama Direktris, ambaye hakucheka na alisoma kaye akiwa na biki, kalamu yake nyekundu, mkononi. Wengi walimwogopa. Mimi nilimheshimu, maana hakuwahi kuruka ukurasa.

Wakati wake ndipo Mwalimu Sakina alipoleta hadithi yake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa mitaa ya Waislamu ya hapa Kasongo, mama wa watoto watano, na hadithi aliiandika kwa mkono miaka mingi jikoni. Iliitwa Mji wa Wafua Mvua. Ilikuwa habari ya watu wa zamani sana, mafundi waliofua mvua juu ya fuawe kama mhunzi anavyofua jembe, wakaituma mvua kwa kila nchi. Mji wao ulikuwa wa shaba. Siku moja mfalme wao alimnyima maji mgeni, na mji mzima ukazama chini ya kilima, na watu wake, na nyundo zao. Mama Direktris alikubali kutoa nakala chache kwa mashine. “Zitazunguka,” alimwambia. “Maoni ya wasomaji ndiyo yatakayosema kama tutatoa sehemu ya pili.”

Sasa lazima niseme jambo ambalo wakati ule nililiona dogo. Mwalimu Sakina hakuwahi kutoka Kasongo. Alipokuwa bado anaandika na kufika pale mji unapozama, alikuja kunitafuta.

“Kaka, weye unazunguka. Nipe kilima. Kilima cha kweli, kisifanane na vingine.”

Nikampa. Nilimweleza kilima kimoja cha Wamaza chenye migongo miwili, kijito upande wa kushoto, na jiwe jekundu juu lililokaa kama kuku anayeatamia. Nilikijua vizuri kwa sababu chini yake ilikuwapo nyumba ya Mama Anjelani, mjane aliyenipokea kila nilipopita huko, akanipa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, na kunitania kwamba nina miguu ya kunguru. Mwalimu Sakina aliandika kila kitu, hata yule kuku. Nilijisikia mwandishi nusu.

Kitabu kikaanza kuzunguka, na maoni yakaanza kurudi. Mwenye duka mmoja wa Kasongo aliandika: “Mji mzima ni wahunzi. Nani analima? Hawa watu wanakula nini?” Muuguzi wa kliniki ya wazazi Kabambare aliandika: “Malkia anajifungua ukurasa wa thelathini. Ukurasa wa thelathini na moja anapanda mlima anakimbia. Mwandishi ameshazaa kweli?” Katekista alilalamika kwamba mfalme hasali, na chini yake mtu mwingine akamjibu: “Ndiyo maana alizama.” Mwalimu Sakina alizisoma zote, alicheka hadi machozi kwa ile ya muuguzi, akamwongezea malkia siku arobaini za kupumzika.

Wamaza walikipenda kuliko wote. Nilipopeleka nakala ya kwanza walinirudishia kaye iliyojaa, na katikati yake kijana mmoja aitwaye Sumaili, mchimbaji wa dhahabu, aliandika mstari mmoja: “Kitabu kizuri sana. Mwandishi aseme ni hatua ngapi kutoka kwenye jiwe.”

Nilicheka. Nilipokutana naye aliniuliza mbele ya wenzake, “Muzee, hii habari iko ya kweli?”

Jibu lilikuwa jepesi. Ningesema, ni hadithi, mama mmoja ameitunga jikoni. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki, watu wamenizunguka, na kile kilima nilikuwa nimekitoa mimi. Nikasema, “Mengine sijui. Lakini kilima iko ya kweli kabisa.”

Hiyo ndiyo chumvi niliyoitia, na niliitia kwa mdomo wangu.

Mtu wa mahali pengine atashangaa. Kwetu watu wamezoea kusikia habari ya mahali na kwenda kuchimba. Mzee anaota, wanachimba. Mwindaji anaona mchanga unang’aa kijitoni, wanachimba. Wamejifunza kusikiliza kila habari kwa sikio moja tu: wapi, na kina gani. Walikisoma kitabu cha Mwalimu Sakina kama wanavyosoma ardhi.

Niliporudi msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Kilima kilikuwa na mashimo kutoka kwenye jiwe mpaka chini, na udongo mwekundu ulikuwa umeteremka hadi uani kwa Mama Anjelani. Wanaume walikuwa kazini na sururu na mabeleshi. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, hakuniita miguu ya kunguru.

“Unajua kuko nini pale juu?” aliniuliza.

Sikujua. Nililala kwake mara nyingi na sikuwahi kuuliza.

“Mume wangu iko pale. Na mutoto wangu wa kwanza, alikufa hajatembea. Niliwapandia majani ya alama. Ya mume wangu nimeyaona, shimo imekomea pembeni. Ya mutoto wameyang’oa. Nimepanda kilima, nimetafuta siku tatu. Sijui tena alilala wapi.”

Niliwaendea wachimbaji. Sumaili alinijibu bila ubaya, “Mama hakutuambia mapema. Na weye ulisema ni ya kweli.” Wakaendelea. Chifu wa kijiji alikuwa safarini.

Nilirudi kwa Mama Anjelani nikakaa chini. Mkamwana wake alikuwa amemsomea kitabu chote, akanipa nakala. “Bado sijatoa maoni,” mama alisema. “Toa biki. Andika mdomo.”

Aliyosema ni haya, na nilimsomea mara mbili: “Kitabu ni kizuri. Nilipenda pale watoto wanalala kwa sauti ya nyundo. Lakini huyu mwandishi amejenga mji juu ya mutoto wangu. Aniambie sasa mutoto alale wapi.” Akaweka kidole.

Njia ya kurudi Kasongo ilikuwa matope matupu. Niliposukuma pikipiki niliufikiria ukurasa ule. Sehemu ya pili ilitegemea maoni, na Mwalimu Sakina alikuwa amekwisha kuianza. Ukurasa mmoja tu, uliolowa, nani angejua? Mahali pa kuvukia kijito nilisimama, nikafungua kaye, nikaushika ukurasa kwa vidole viwili. Kidole cha Mama Anjelani kilikuwa pale, chekundu kwa udongo wa kilima, maana hatukuwa na wino. Nikaifunga kaye nikaiweka kifuani, ndani ya shati.

Mama Direktris alisoma kwa sauti, Mwalimu Sakina akiwa ameketi mbele yake. Alipomaliza aliweka chini biki yake nyekundu. Mwalimu Sakina akanigeukia.

“Kilima ulinipa weye.”

“Ni miye, Mwalimu. Na nilipoulizwa nilisema ni ya kweli.”

Nilitegemea matusi. Alisema, “Basi tutaenda wawili,” akaenda kuaga nyumbani.

Safari yake ya kwanza nje ya Kasongo aliifanya nyuma ya pikipiki yangu, kitambaa kimefungwa kichwani, akiniuliza jina la kila kijito. Huko alikwenda kwanza kwa Mama Anjelani. Sikuingia nao ndani, kwa hiyo siwezi kusema walisemezana nini. Walipotoka walipanda kilima, nami nyuma yao. Sumaili na wenzake wakasimamisha kazi kumtazama mama aliyeandika.

“Mji hauko hapa, wanangu,” aliwaambia. “Niliutunga.”

“Kama hauko, mbona unajua jiwe la kuku?”

“Huyu aliniambia.”

Wote wakanitazama. Sumaili akatikisa kichwa. “Mama, wenye kitu siku zote wanasema hakiko.”

Aliona kwamba ukweli hautawatoa pale. Aliketi juu ya lile jiwe, akaomba nakala yao na biki yangu, akaandika mpaka jua likaegemea. Aliporudisha kitabu Sumaili alisoma kwa sauti. Katika kurasa zile mpya wafua mvua walisikia sururu juu ya vichwa vyao. Hawakukasirika. Walijitwika mji wao, kila mtu na mlango wake, kila fundi na nyundo yake, wakaondoka kwa njia ya chini ya kijito, na kilimani hawakuacha hata msumari.

“Wamehama?” mmoja aliuliza.

“Wamehama.”

“Na shaba yao?”

“Mutu anahama anaacha sufuria?”

Wakacheka. Sumaili hakucheka mara moja. “Wameenda upande gani?”

“Lualaba. Chini kabisa, kwenye maji meusi. Mwenye pumzi aende.”

Sitatia chumvi tena: hawakuondoka saa ile. Walikuwa wamechoka, hawakuwa wamepata kitu, na chifu aliporudi naye alisema yake. Lakini kesho yake Sumaili mwenyewe alikuwa wa kwanza kurudisha udongo shimoni, na wiki ile mashimo yote yalizibwa. Kaburi la mtoto halikuonekana.

Kabla hatujaondoka, Mama Anjelani aliomba asomewe kurasa mpya. Alisikiliza amefumba macho, kisha akaniambia, “Toa biki.”

Nakala ile ninayo mpaka leo. Mama Direktris aliniachia siku nilipostaafu, nilipoona magoti hayataki tena pikipiki. Sehemu ya pili ilitoka, ikasomwa, ikatukanwa na kusifiwa kama kawaida. Wabebaji wapya wakija kunisalimia huniuliza jinsi ya kupata maoni mazuri. Nawaambia kwanza waulize mtu analala karibu na nini. Mimi nilikuwa na udadisi wa mambo yote ya dunia, na sikumuuliza mwenyeji wangu kilima chake kimebeba nani. Kisha nawasomea maoni ya pili ya Mama Anjelani, kama yalivyotoka:

“Sasa naelewa. Mji umehama, na mutoto wangu hakubaki peke yake, wamemubeba. Waambie wasimuache bure. Wamufundishe kufua mvua.”

Hiyo ni miaka tisa sasa. Mvua ikitoka upande wa Wamaza na kuanza kugonga mabati yangu, naacha ninachofanya nasikiliza. Miaka tisa inatosha mtu kujifunza kazi.