Chakula Kikavu cha Kwenda Kabwe

Watu hunisifia mkono wangu wa kukausha vyakula. Wangejua mkono huu ulifanya nini nilipokuwa na miaka kumi na saba, wasingenisifia.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mtu anauza kitu. Baba alikuwa amepunguzwa kazi ya kupima mahindi ghalani, na asubuhi moja alituambia kwamba sasa yeye ni mfanyabiashara. Tulidhani anatania. Akanunua baiskeli, akawa anapanda nayo lori kutoka Sumbawanga hadi Namanyere, kisha anateremka mwenyewe hadi Kabwe ziwani, mitumba na sabuni zimefungwa nyuma. Kurudi alibeba dagaa. Mtu aliyesukuma baiskeli yenye gunia kupanda mlima wa kutoka ziwani hahitaji kuelezwa kwa nini sufuria na unga wa siku tano ni adhabu.

Uzito ulikuwa jambo moja. Jambo lenyewe hasa lilikuwa la mama. Baba alikuwa mlevi, tena wa kuanguka njiani, na mwaka uliotangulia mama alikwenda kwa kaka yake akakaa huko miezi mitatu. Alirudi baada ya baba kuapa mbele ya wajomba. Mama alimjibu kwa sentensi moja tu: "Siku utakayorudi unanuka, hutanikuta." Na kule ziwani, penye kuuzwa ugali ndipo penye kuuzwa pombe. Baba akitembea na chakula chake, hana sababu ya kuingia kilabuni. Basi mama akaniachia mimi kazi hiyo, na mimi nikajiona fundi.

Kipupwe chetu kina jua kali na upepo wa kukata masikio, hakuna kinachobaki kibichi. Nilichemsha maharage hadi yakapondeka, nikayapaka kwenye sinia tabaka jembamba, yakakauka na kujikunja pembeni. Majani ya maharage niliyapitisha kwenye maji ya moto, nikayaanika juu ya bati. Dagaa nilikaanga bila mafuta, nikatwanga. Ugali wa ulezi niliupika, nikaumega vipande vidogo, nikauanika kwenye ungo, nikautwanga ukawa chenga. Chakula cha siku tano kikaingia kwenye mfuko mmoja wa sukari. Baba aliupima mkononi akacheka peke yake.

Halafu nikajitia ujuzi. Nilifikiri baba akichoka atapata wapi nguvu ya kuwasha moto. Nikachukua kimea cha mama, ule unga wa ulezi uliooteshwa, nikachanganya na zile chenga kwenye vifurushi viwili. Akizitia na maji ndani ya dumu lake asubuhi, mchana anakunywa togwa tamu. Kwetu kwenye baridi togwa hukaa kutwa na usiku bila kuchacha, na kesho yake watoto wanakunywa. Nilikuwa sijawahi kufika ziwani. Nilijua kwamba huko kuna joto kama mtu anavyojua kwamba kuna bahari.

Siku ya sita alasiri baba aliingia uani akiimba. Baiskeli aliiegemeza ukutani ikaanguka, akaiomba msamaha. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliinuka, akamsogelea mpaka pua yake ikafika kwenye shati la baba, akavuta pumzi mara moja tu.

"Sijagusa kilabu," baba alisema. "Nimekula chakula cha binti yako tu. Muulize."

Mama hakuuliza. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaondoka kabla jua halijazama, na maharage aliyaacha nusu. Mimi nilimchukia baba siku ile, nasema kweli. Nilimwona muongo asiye na haya, anajificha nyuma ya mtoto wake. Hata maji ya kuoga sikumpa.

Kesho yake nilichukua dumu nilioshe. Nilipofungua kifuniko, likatoa pumzi usoni kwangu. Nikakaa chini palepale kwenye tope la karo. Ilikuwa pombe, pombe kabisa, na aliyeipika ni mimi.

Sikutaka kuamini. Kulikuwa na kifurushi kimoja kimerudi. Nilikichanganya na maji ndani ya dumu lilelile, nikaliweka jikoni karibu na moto ili lipate joto kama la ziwani. Baada ya siku mbili lilikuwa linatoa povu. Nikalibeba kichwani hadi kwa mjomba, mwendo wa asubuhi nzima, nalia njia nzima bila kujificha.

Mama alinusa, akaonja. Alinitazama, akatazama dumu, mdomo wazi.

"Nimemhukumu mtu bure," alisema.

Tulirudi pamoja siku ileile. Nyumbani mama alipiga magoti mbele ya baba akamwomba radhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sikupenda kuliona. Baba alimwinua. "Yameisha, mama watoto," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. Wiki ile nyumba yetu ilikuwa na raha, hata majirani waliona. Nami nilitembea kichwa juu, maana ni mimi niliyeokoa ndoa ya wazazi wangu.

Safari iliyofuata ilipokaribia, nilikuwa uani nageuza chenga kwenye ungo. Mama alikuwa ndani anamshonea baba kifungo cha shati, namsikia akinong'ona wimbo wa kanisani. Baba alikuja akachutama kando yangu, akachukua chenga kidogo akatafuna.

"Zile za kimea," alisema polepole, "safari hii weka vifurushi vinne. Siku ya pili ndiyo zinaiva vizuri."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwangalia usoni. Hakuwa anatania, wala hakuwa na aibu. Alikuwa ananiangalia kama yeye na wenzake wa pombe wa zamani walivyokuwa wakiangaliana walipopita mlangoni petu.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua tangu nilipoonja."

Nilitaka kumwita mama. Lakini mama angefunga tena nguo zake kwenye kitenge, na safari hii nisingekuwa na dumu la kumfuatia nalo. Nikamsikia mama kule ndani akisema uzi umekatika, akauliza kama kuna mwingine.

"Upo juu ya kabati, mama," nilimjibu. Kisha nikaenda kuchota kimea.