Maji ya Kisima cha Mama

Mfuko wangu niliufunga mafundo matatu, na katika fundo la mwisho nikapitisha uzi mwekundu, ili mtu akiufungua nijue. Yaya alicheka mpaka akakaa chini. Yaya ni dada yangu mkubwa, analima mihogo kule Lweba. Mfuko wake yeye ulikuwa wazi, umefunikwa kitambaa cha kikwembe tu.

Tulikuwa Fizi, mbele ya ofisi ya chama kimoja kidogo kinachotunza hifadhi ya msitu huko juu milimani. Kilikuwa kimebuni safari ya siku nne kwa miguu, kije kuwapokea wageni siku za mbele, na kikaomba watu wachache wa huku Baraka waijaribu kwanza, wawili wawili kwa zamu. Wabeba mizigo hutangulia alfajiri na mifuko, nyinyi mnafuata mikono mitupu, kila mtu kwa mwendo wake, na jioni mnakuta hema limesimama na chai iko motoni. Mkubwa wa chama alikuwa anaeleza habari za njia. Yaya alimsikiliza. Mimi nilikuwa na mafundo yangu.

Yaya ndiye aliyetaka kwenda. Alizaliwa huko juu, katika kijiji ambacho sasa ni msitu mtupu. Vita vilipokuja, mama alimfunga mgongoni, akateremka naye hadi ziwani, wakavuka. Mimi nilizaliwa ng'ambo, katika kambi ya wakimbizi. Kitu pekee ambacho yaya anakumbuka ni kisima: jiwe bapa lenye shimo katikati, ambamo mama alikuwa akikalisha mtungi. Njia ya chama ilipita hapo siku ya nne.

"Nataka nione tu ile kisima," aliniambia, "kabla magoti ikatale kabisa."

Magoti yake yalikuwa yameshaanza kukataa. Nikaenda kwa ajili yake, na kwa ajili ya kulinda mifuko.

Mbeba mizigo wetu alikuwa mama mmoja Mrundi, mkimbizi, mwembamba. Aliiweka mifuko yetu miwili ndani ya kikapu, akakining'iniza mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, akaenda kana kwamba amebeba manyoya. Nilimuuliza amejuaje njia za milima yetu.

"Ninapitaka huku na maharagi, mama. Miaka mingi."

Milima yetu, nilisema, mimi niliyekuwa naikanyaga kwa mara ya kwanza.

Jioni ya kwanza uzi ulikuwa mahali pake. Badala ya kufurahi nilikasirika, maana mwizi mwerevu hufunga alichofungua. Jioni ya pili uzi ulikuwepo tena. Yaya alikuwa anakula bugali na ndagala sahani moja na yule mama, anamsimulia habari za kile kisima, wakichekeana, mimi nimekaa pembeni napapasa mfuko wangu.

"Juu ya nini unamuangalia vile?" yaya aliniuliza baadaye.

"Hatumjui."

"Na sisi kule kambini, nani alikuwa anatujua?"

Kuna watu wanaoona mema mpaka nyumba inaungua, niliwaza, na dada yangu ni mmoja wao.

Siku mbili hizo njia ilikuwa moja tu. Siku ya tatu alfajiri nilimwona yule mama akikata matawi kwa panga na kuyapanga juu ya kikapu chake. Matawi ya nini? Moyo haukutulia. Yaya alikuwa anachechemea, na kadiri alivyochelewa ndivyo mifuko yetu ilivyozidi kupotea mbele kwenye ukungu. Nikamwambia natangulia kidogo.

"Enda tu," alisema. "Mi nitafuata njia yenye iko wazi."

Sikumuuliza maana yake.

Nikafika mahali njia inapogawanyika. Ya kuume ilikuwa pana, na juu yake yamelazwa matawi mawili yenye majani mabichi, moja juu ya jingine. Mimi nimekulia kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani. Kamba, gogo, jiwe: kwetu ukiona kitu kimelazwa njiani, kuna mtu kajificha pembeni anayetaka chako. Nikaita, "Nani hapo?" Hakutokea mtu. Ndipo likanijia wazo jingine, nikaliona tamu kama asali: yule mama ameficha njia aliyopita na mizigo yetu.

Nikayatupa matawi bondeni. Utomvu wake ulinichafua mikono. Niliingia njia ya kuume hatua chache, sikuona unyayo wowote. Nikarudi, na unyayo wake nikauona kwenye njia ya kushoto, mbichi kabisa. Nikaufuata haraka. Matawi sikuyakumbuka tena. Nyuma yangu mvua ikaanza.

Kambini nilimkuta anachochea moto. Mifuko ilikuwa chini ya shitingi, lile turubai la plastiki, mikavu, na uzi wangu mwekundu unanitazama.

"Yaya yako iko wapi?"

"Anakuja."

Chai ikachemka, ikapoa. Akasimama.

"Ile njia ya kuume nilifunga na majani. Inaendaka kwa mashimo ya zamani ya dhahabu. Uliona majani?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Sikuona," nikasema.

Aliitazama mikono yangu iliyokuwa myeusi kwa utomvu. Alichukua mkanda wake, akarudi mbio kwenye mvua. Mimi nilibaki na mizigo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuilinda. Ndiyo, hata saa ile niliwaza hivyo.

Alirudi kabla ya giza, yaya yuko mgongoni mwake, mkanda kwenye paji la uso. Yaya alikuwa ameteleza ukingoni mwa shimo, akashika mizizi. Alikuwa hai. Goti lilikuwa limevimba kama papai. Nilimkumbatia nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli, ingawa kilikuwa na kazi ya pili ya kunizuia kusema.

"Nani hakufunga njia?" yaya aliuliza. "Balituambia njia mubaya batazifunga."

Yule mama alinigeukia. Alikuwa anamimina chai, akamimina kikombe kizima taratibu, macho yake kwangu, ananisubiri. Nafasi alinipa. Mimi niliutazama moto.

"Njo mi," akasema mwishowe. "Nilisahau. Pole, mama."

Yaya hakuupokea mkono wake tena usiku ule.

Alfajiri nilisikia nyasi zinavunjika, nikamwona anaondoka na chupa tupu. Nikamfuata. Hata baada ya yote, miguu yangu ilimfuata yenyewe, ijue anakwenda kufanya nini. Alikwenda karibu saa nzima, akashuka kwenye bonde dogo, akapiga magoti. Palikuwa na jiwe bapa, na katikati yake shimo la kukalisha mtungi. Niliuona mji wa mama yangu nikiwa nimejificha nyuma ya mti kama mwizi.

Nilirudi kabla yake. Watu wa chama, walioitwa kwa simu usiku kutoka kituo cha karibu, walikuja na kipoyi, kile kitanda cha fito cha kubebea wagonjwa, wamteremshe yaya. Yule mama alimletea chupa.

"Ni mayi ya kisima yenu."

Yaya aliipokea kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Dada yangu, aliyekula naye sahani moja! Alisubiri mpaka yule mama alipokwenda zake, akaniinamia.

"Mudogo wangu, ulisemaka kweli. Huyu muntu hatumujui. Mayi hii ametoa wapi?"

Magoti yake hayatapanda tena ule mlima. Daktari amesema, na yeye mwenyewe anajua. Chama hakikumwita tena yule mama. Chupa iko Lweba, juu ya kabati la yaya, haijafunguliwa. Hawezi kuinywa, na hawezi kuimwaga. Kila nikimtembelea huishusha, akaipangusa vumbi, akaniuliza kama naona ni maji ya kisima cha mama kweli. Nimeliona lile jiwe kwa macho yangu. Na kila mara, kwa aibu ambayo sijui nitaifikisha wapi, namjibu kwamba mimi sijui.